Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: matangazo ya kazi ya uongo mtandaoni

Haya ni maswali ambayo watafuta kazi huuliza, mara nyingi wakiwa wameshika simu na mtu wa upande wa pili anawahimiza watume hela kabla ya saa kumi. Majibu yamelenga zaidi Tanzania, na pale inapobidi Kenya, kwa sababu matapeli wa nchi hizi mbili wanatumia maandishi yaleyale, wanabadilisha nembo tu.

Nimetumiwa tangazo la kazi kwenye kundi la WhatsApp. Nianzie wapi kujua kama ni la kweli?

Anza kwa kuliweka tangazo lenyewe pembeni. Usibonyeze kiungo chake, usipige namba yake, usiandikie baruapepe iliyo chini yake. Fungua intaneti, andika mwenyewe jina la taasisi inayosemekana kuajiri, nenda kwenye tovuti yake na utafute ukurasa wa ajira au matangazo. Kazi ikiwepo utaikuta huko, na sifa zinazotakiwa na tarehe ya mwisho ya kuomba. Isipokuwepo, piga namba ya mapokezi uliyoikuta kwenye tovuti hiyo na uulize. Kuwa makini na matokeo ya juu kabisa ya utafutaji yenye alama ya tangazo la kulipia, kwa kuwa hata tapeli anaweza kununua nafasi hiyo.

Karibu kila jibu linalofuata linarudi hapa: uhakiki upite kwenye njia uliyoitafuta wewe, usipite kwenye njia aliyokupa yeye. Ukimpigia tapeli kumuuliza kama kazi ni ya kweli, atakujibu kwa sauti ya upole, atakupa "meneja" uongee naye, na meneja huyo amekaa naye chumba kimoja.

Mwajiri mdogo asiye na tovuti, kwa mfano duka la dawa, shule binafsi au hoteli ya mjini Mwanza, anahakikiwa kwa miguu. Nenda mchana, uone kama biashara ipo, uliza majirani, uliza mtu anayefanya kazi hapo. Kampuni iliyosajiliwa Tanzania unaweza kuitafuta mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara. Kumbuka tu kwamba kuwepo kwa jina la kampuni BRELA kunathibitisha kwamba kampuni ipo, hakuthibitishi kwamba aliyekuandikia ni wa kampuni hiyo. Matapeli wanapenda sana kujificha nyuma ya majina ya kampuni halisi.

Kwa nini matangazo ya namna hii ni mengi sana?

Kwa sababu watu wanaotafuta kazi ni wengi na nafasi ni chache, na tapeli anajua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596. Walioitwa kwenye usaili walikuwa 135,027, karibu watu 85 kwa kila nafasi. Mtu aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita, akaomba kila mahali bila kujibiwa, akipokea ujumbe unaosema "hongera, umechaguliwa," moyo unatangulia kabla ya akili. Huo si ujinga. Ni uchovu wa kusubiri, na utapeli huu umejengwa juu ya uchovu huo.

Tena gharama yake kwa tapeli ni ndogo mno. Anatuma ujumbe kwa maelfu ya watu. Wakitokea wachache tu wa kutuma 25,000 kila mmoja, siku imeshalipa.

Tangazo lina nembo ya serikali, muhuri na saini. Hiyo haitoshi?

Haitoshi hata kidogo. Nembo inanakiliwa kwa sekunde, muhuri unachorwa kwa programu ya simu, na saini inakatwa kutoka kwenye barua halisi iliyopo mtandaoni.

Angalia anuani ya tovuti. Tovuti za serikali ya Tanzania zinaishia na .go.tz, na za Kenya zinaishia na .go.ke. Neno "kuishia" lina uzito wake. Anuani inasomwa kuanzia mwisho wa jina la tovuti, yaani kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya https://, ukirudi nyuma. Ikiwa mwisho kuna .com, .xyz, blogspot au fomu ya Google, basi si tovuti ya serikali, hata kama katikati yake wameandika "ajira", "tra" au "go-tz" na vistari. Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini: jicho linaona herufi linazozifahamu, linaridhika.

Nafasi nyingi za utumishi wa umma Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupokelewa kwenye mfumo wake wa Ajira Portal, portal.ajira.go.tz. Unafungua akaunti yako, unajaza taarifa, unaomba. Hulipi chochote. Baadhi ya taasisi, TRA ikiwemo, zimetumia mfumo wao wenyewe, lakini nao unaupata kwenye tovuti rasmi ya taasisi hiyo. JWTZ, JKT na Polisi wana taratibu zao za kuandikisha vijana, na hizo pia haziuzwi. Anayekuambia ana "nafasi tatu za JKT zimebaki" anauza kitu ambacho hakipo.

Dalili nyingine ya haraka ni ujumbe unaokutaka uusambaze kwa makundi 10 au kwa watu 15 ndipo fomu ifunguke. Hakuna mwajiri duniani anayeajiri hivyo. Ujumbe huo unakutumia wewe kama msambazaji.

Wanataka 20,000 tu ya fomu. Kwa hela ndogo hivyo si bora nijaribu bahati yangu?

Usitume. Kiasi ni kidogo kwa makusudi, ili ujiambie hivyohivyo ulivyojiambia sasa. Pia hakitabaki kidogo. Ukishalipa ya fomu, kesho kutakuwa na ya vipimo vya afya, keshokutwa ya sare na kitambulisho, halafu ya mafunzo, halafu ya bima, na kila mara utaambiwa itarudishwa pamoja na mshahara wa kwanza. Wanaopoteza hela nyingi kwa kawaida hawakutuma mara moja. Walituma 20,000, wakaona wakikataa 50,000 watakuwa wameitupa ile 20,000, na baada ya hapo kila malipo yakawa ya kuokoa malipo yaliyotangulia.

Mshahara unatoka kwa mwajiri kuja kwako. Anayegeuza mwelekeo huo kabla hujafanya kazi hata siku moja anakuibia. Umoja wa Mataifa, ambao jina lake linatumiwa sana na matapeli, umesema wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira, iwe maombi, usaili au mafunzo. Kwa mawakala binafsi wa ajira, kanuni ya msingi imewekwa na Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997: mfanyakazi asitozwe ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, yote au sehemu yake.

Lakini si zipo gharama halali za kutafuta kazi?

Zipo. Cheti cha kuzaliwa RITA, pasipoti, kuthibitisha nakala za vyeti kwa wakili, nauli ya kwenda kwenye usaili, na Kenya cheti cha tabia njema kutoka polisi. Tofauti yake ni hii: gharama hizo unalipa wewe kwa ofisi inayotoa huduma, unapewa risiti, na kitu ulicholipia kinabaki mkononi mwako hata usipopata kazi. Malipo ya serikali Tanzania yana namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa serikali, na ukiiingiza kwenye simu unaona jina la taasisi kabla ya kuthibitisha. Hayaingii kwenye M-Pesa au Airtel Money ya mtu binafsi. Ukiona jina la mtu binafsi linatokea kwenye kioo pale unapotaka kulipa "ada ya wizara", ghairi hapohapo.

Mwajiri akitaka upimwe afya, nenda hospitali unayoijua. Akisisitiza kwamba lazima ulipe kupitia yeye, jibu umeshalipata.

Wamenipigia wakijua jina langu kamili na kazi niliyoomba. Tapeli angejuaje?

Kwa njia nyingi, na nyingi ziko wazi kabisa. Orodha za walioitwa kwenye usaili huwekwa mtandaoni zikiwa na majina matatu, kila mtu anaziona. Ukiwa na jina kamili, namba ya simu inatafutwa Facebook, LinkedIn, au kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu ambako watu wameandika jina, chuo na kozi. Kuna pia fomu za uongo ulizowahi kujaza na kuzisahau, na wasifu wako uliouweka hadharani ukiwa na namba ya simu juu kabisa. Kwa hiyo mtu kukujua hakumaanishi kwamba ametoka kwa mwajiri.

Simu za aina hii huja siku chache baada ya orodha kutoka. "Jina lako lilikuwepo likakatwa, lakini naweza kulirudisha." Kata simu. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal au kwenye tovuti ya taasisi, angalia mwenyewe hali ya ombi lako.

Huyu anasema ni afisa wa ndani, anaweza kunisaidia kwa "asante" kidogo. Bila konekshoni utapataje kazi?

Naelewa kwa nini swali hili linaulizwa. Upendeleo upo, watu wameuona kwa macho yao, na mtu aliyekosa mara saba haambiwi kirahisi kwamba kila kitu kinakwenda kwa haki. Ila tazama kilicho mbele yako. Mtu usiyemjua, aliyekupigia yeye, kwa namba isiyo ya ofisi, anataka hela kwa simu. Uwezekano mkubwa ni kwamba hana uhusiano wowote na taasisi hiyo, na anauza imani yako kwamba kazi zinanunuliwa. Kwenye usaili huo huenda ungepita au usipite, yeye hana mkono. Ukipita kwa juhudi zako, atadai sifa. Ukikosa, atazima simu.

Na akiwa kweli ni mtumishi wa ndani? Basi hiyo ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayepokea na anayetoa. Namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Hapa pana ukatili mmoja ambao matapeli wanautegemea: aliyetoa hela ya "konekshoni" akatapeliwa anaogopa kwenda polisi kwa sababu anaona naye ana kosa. Ndiyo maana mbinu hii inadumu mwaka hadi mwaka.

Nimepata kazi ya kubonyeza video na kutoa maoni Telegram, na wameshanilipa. Kama ni utapeli, kwa nini walinilipa?

Malipo ya kwanza ni chambo. Mpango huwa hivi. Unaandikiwa na "afisa ajira" asiyejulikana, mara nyingi kwa namba ya nje. Kazi ni nyepesi: penda video, ipe hoteli nyota tano, tazama matangazo. Unalipwa 3,000 au 5,000 kweli, unawaambia rafiki zako. Kisha unahamishiwa kwenye kundi la "kazi za daraja la juu", na huko ili ufanye kazi unapaswa kwanza kuweka kiasi. Ukiweka 50,000 unaona kwenye akaunti yako 80,000. Ukitaka kutoa, unaambiwa kuna kodi, au umekosea hatua, au lazima ukamilishe seti nzima kwa kuongeza 300,000. Zile tarakimu unazoziona ni maandishi tu kwenye tovuti yao. Hela yako iliondoka siku uliyoiweka. Na wale watu kumi kwenye kundi wanaotuma picha za miamala wakishukuru, wengi wao ni tapeli mmoja mwenye simu nyingi.

Watanzania wamepitia jambo hili hadharani. Jukwaa lililojulikana kama LBL, "Leo Beneath London", lilivuta watu katika mikoa kadhaa kwa ahadi ya kulipwa kwa kutazama matangazo, kila mmoja akianza kwa kulipia na kuhimizwa kuleta wengine. Februari 2025 liliporomoka, na polisi wakawakamata watu waliohusishwa na kuliendesha. Wengi walioumia waliingizwa na ndugu, jirani au mwalimu wa mtoto wao, mtu ambaye naye aliamini kwa dhati kwa sababu alikuwa amelipwa mara mbili tatu.

Kazi halali za mtandaoni zipo: kutafsiri, kuandika, kuhudumia wateja, kuingiza data, kutengeneza programu. Zote zinahitaji ujuzi, zina mteja anayefahamika, na hakuna hata moja inayokutaka uweke amana ili ulipwe.

Kazi za nje ya nchi je? Dada yangu ameahidiwa kazi Oman, na mdogo wangu ameitwa Thailand.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatari yake haiishii kwenye hela.

Nianze na Ghuba. Kazi Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu zipo, na kuna watu wetu walioajiriwa huko vizuri, wamejenga, wamesomesha. Tatizo ni njia ya kwendea. Wakala wa ajira za nje lazima awe na kibali cha wizara inayosimamia kazi. Zanzibar, uliza Kamisheni ya Kazi. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ina orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye mfumo wake mtandaoni, na Uganda ina mfumo wake chini ya wizara inayosimamia kazi. Tafuta jina la wakala huko, si kwenye kadi yake ya biashara. Kisha dai mkataba kabla ya safari, wenye jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na nani analipa tiketi ya kurudi, ulioandikwa kwa lugha anayoielewa dada yako. Angalia aina ya visa. Anayesafirishwa kwa visa ya matembezi akiambiwa "utabadilishiwa ukifika" anafika akiwa hana haki ya kufanya kazi, na asiye na haki ya kufanya kazi anaogopa kulalamika. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi na Doha. Namba ya ubalozi aihifadhi kichwani au kwenye nguo, kwa kuwa simu inaweza kuchukuliwa.

Sasa Thailand, na hapa naomba umzuie mdogo wako asiondoke kabla ya kuhakiki. Tangazo huwa zuri: kampuni ya teknolojia Bangkok, kuhudumia wateja, Kiingereza kizuri, tiketi wanalipa wao. Kijana anatua Bangkok, anapokelewa kwa gari, anaendeshwa saa nyingi hadi Mae Sot mpakani, anavushwa mto Moei hadi upande wa Myawaddy, Myanmar. Pasipoti inachukuliwa. Huko analazimishwa kukaa kwenye kompyuta akitapeli watu wa mataifa mengine, akikataa anapigwa, na akitaka kuondoka familia inadaiwa fidia. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria watu wasiopungua 120,000 Myanmar na takriban 100,000 Cambodia walikuwa wameshikiliwa kwenye kazi hizo za kulazimishwa. Serikali ya Kenya ilianza kutoa tahadhari mwaka 2022 baada ya vijana wake kunaswa. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi za eneo la Myawaddy, Waafrika wa Mashariki wakiwemo.

Utaona kwamba kanuni ya "usilipe" haimlindi mtu hapa. Hawa hawakutaka hela yake. Walimlipia tiketi. Kinachomlinda ni kuhakiki: kampuni hiyo ipo Bangkok? Ina anuani gani? Visa ni ya kazi? Kwa nini usaili ulifanyika kwa ujumbe wa Telegram tu, dakika ishirini, na jibu likaja usiku huohuo?

Mwaka 2025 zikaongezeka habari za Urusi. Vijana, hasa kutoka Kenya, waliahidiwa kazi za udereva, ulinzi au kiwandani, wakafika na kupewa mikataba kwa Kirusi ambayo hawakuielewa, baadhi wakajikuta kwenye vita vya Ukraine. Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwakuta zaidi ya watu 20 katika nyumba moja Athi River wakisubiri kusafirishwa. Usisaini karatasi usiyoweza kuisoma, hata ndege ikiwa inasubiri.

Kumpeleka mtu kwa hila namna hii kunaitwa usafirishaji haramu wa binadamu, na Tanzania ina sheria yake tangu 2008. Ukishuku, toa taarifa polisi au Uhamiaji kabla hajapanda ndege.

Nimeitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Hapo si salama tayari?

Ni afadhali, lakini si kinga. Usiende gesti, nyumba ya mtu, au "ofisi ya muda" jioni. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na jina la aliyekuita, na mtumie mahali ulipo ukifika. Dada zetu wakumbuke kwamba mwajiri anayetaka kukuona chumbani, au anayeomba picha zisizohusiana na kazi, hana kazi ya kukupa.

Kuna pia usaili unaofanyika ukumbini na vijana mia moja waliovaa suti, wakipigiwa makofi. Ukisikia unatakiwa kununua bidhaa za kuanzia na kuleta watu wengine watatu, hujaajiriwa. Umeuziwa mzigo.

Ni taarifa gani naweza kutoa wakati wa kuomba, na zipi nisitoe?

Wasifu wa kawaida unabeba jina, simu, baruapepe, elimu, uzoefu na wadhamini. Namba ya NIDA inahitajika kwenye mifumo kama Ajira Portal, na huko ni sawa. Usiitume kwa mtu wa WhatsApp, wala picha ya kitambulisho pande mbili, wala picha yako ukiwa umeshika kitambulisho. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotumika kufungulia akaunti na kukopea kwenye programu za mikopo kwa jina lako, na siku moja unapigiwa na wadai usiowajua.

Namba ya siri ya simu au benki, na zile tarakimu sita zinazoingia kwa ujumbe, hazihusiani na kazi yoyote. Anayekuambia "nisomee namba iliyoingia tukamilishe usajili" anaiteka WhatsApp yako, na kesho ataomba hela kwa mama yako akijifanya wewe.

Pia usikubali "kazi" ya kupokea hela kwenye laini au akaunti yako na kuzituma mbele kwa kamisheni. Hizo ni hela za walioibiwa, na polisi wakifuatilia wanaanza na jina lako. Ukiwa Tanzania, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaifute.

Nimeshatuma hela. Nifanye nini?

Fanya haraka, na usimwambie tapeli kwamba umeshtuka.

Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, Tanzania ni 100, ueleze kwamba muamala ni wa kitapeli na uombe uzuiwe. Kenya, kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwenda 456. Hela ikiwa bado haijatolewa upande wa pili kuna nafasi. Ikishatolewa nafasi hiyo inapotea, na kwa kawaida inatolewa ndani ya dakika chache. Ikiwa ni benki, piga benki.

Hifadhi kila kitu: picha za mazungumzo, namba, jina lililotokea kwenye muamala, kumbukumbu ya muamala, kiungo cha tangazo. Usifute kwa hasira. Nenda kituo cha polisi, fungua jalada na uondoke na namba ya RB. Udanganyifu wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma upeleke 15040, namba ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Kenya, ujumbe huo hupelekwa 333 kwa wateja wa Safaricom, na taarifa za uhalifu hupokelewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa 0800 722 203, bila malipo.

Kama ulitoa nenosiri, libadilishe. Kama ulituma kitambulisho, kiandike kwenye taarifa ya polisi, ili siku mkopo ukijitokeza kwa jina lako uwe na ushahidi kwamba uliripoti mapema.

Baada ya siku chache anaweza kutokea mtu akisema anaweza kukurudishia hela zako kwa ada ndogo. Ni walewale, au wamenunua namba yako kutoka kwa walewale.

Naona aibu kusema. Watu watanicheka.

Sema hata kwa mtu mmoja. Walioibiwa ni wahasibu, walimu, wanasheria, watu wenye shahada mbili. Utapeli huu hutungwa na watu wanaoufanya kutwa nzima kama kazi, wakijaribu maneno mpaka wapate yanayofanya kazi. Wewe ulikutana nao mara moja, siku ambayo ulikuwa unahitaji kuamini. Ukinyamaza, rafiki yako wa chuo aliyepokea ujumbe uleule kesho hatakuwa na wa kumwonya.

Mimi ni admini wa kundi la ajira. Nitajuaje cha kuruhusu?

Weka sharti moja: hakuna tangazo bila kiungo cha chanzo rasmi. Aliyeleta picha ya tangazo alete na ukurasa wa mwajiri lilipotoka. "Nimeforwadiwa tu" si sababu ya kulipitisha. Ukikosea ukaruhusu la uongo, usilifute kimyakimya. Andika kundini kwamba lilikuwa la uongo, ili walioshalipiga picha wajue.

Mwanangu ameambiwa asafiri kesho asubuhi kwenda kuanza kazi, na hataki kusikiliza. Nimwambie nini?

Usimwambie ni mjinga, atafunga masikio. Mwombe mkae pamoja mpige simu moja, kwa namba mtakayoitafuta wenyewe kwenye tovuti ya mwajiri. Ikiwa ni saa za usiku, mwombe aahirishe hadi ofisi zifunguliwe. Mwajiri wa kweli aliyemchagua kati ya mamia anaweza kusubiri mpaka saa tatu asubuhi, na mwanao anaweza kumwandikia hivyo kwa heshima: "Naomba nithibitishe na ofisi kuu kesho asubuhi, kisha nitasafiri." Kaeni msome jibu pamoja. Akijibiwa kwa vitisho, kwamba nafasi atapewa mwingine ndani ya nusu saa, mwache alione mwenyewe.

Akiondoka hata hivyo, baki na nakala ya pasipoti yake, mkataba, tiketi, jina na namba za waliomwita, na mkubaliane neno moja la kawaida ambalo akilitaja kwenye simu utajua kwamba hayuko huru kuongea.